Maharagi tu

Jana jioni binti yangu alipitisha mkono juu ya mbabula, jiko letu la makaa, achukue mwiko, nikampigia kelele hadi jirani akachungulia. Akanitazama kwa mshangao. "Papa, ni maharagi tu."

Nilikwisha kuyasikia maneno hayo, mwaka 2012, na siku hiyo pia nilikosa jibu.

Ni ile wiki ya Novemba. Jumapili watu wa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya walijaa barabarani na magodoro kichwani, Jumatatu mabomu yakalia upande wa uwanja wa ndege, Jumanne tarehe 20 waasi wa M23 wakaushika mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo. Mimi si muganga, nilikuwa karani wa hospitali. Kazi yangu ilikuwa kusoma fishi, yaani karatasi za matibabu za wagonjwa, na kugeuza maradhi yao kuwa namba za CIM-10, kitabu cha kimataifa cha kupanga magonjwa, ambamo hata kuumwa na mbwa kuna namba yake.

Jumatatu hiyo, saa mbili usiku, mtoto wa miaka minne aliletwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Kifua, tumbo na paja moja vilikuwa vimepakwa dawa ya meno, vyeupe kama ukuta wa chokaa. Umeme ulikuwa umekatika. Mikono haikutosha, nikapewa tochi nimulike.

Muuguzi mkuu, mama mmoja wa makamo asiyependa kelele, alimmwagia maji pole pole. Dawa ya meno ilitoka, na ngozi ikaifuata, nyembamba kama utando juu ya maziwa. Kisha akaushika mkono wa mtoto kwenye kifundo. "Kiganja chake pamoja na vidole ni asilimia moja ya mwili wake," aliniambia, nadhani ili tu nisizimie. "Si changu, si chako. Chake." Akakishikilia kiganja juu ya jeraha bila kuligusa, akawa anakisogeza kama fundi anayepima kitambaa kwa shibiri. Moja. Mbili. Tatu. Mtoto aliacha kulia. Alikuwa anauangalia mkono wake mwenyewe unavyotembea hewani. Walipofika tano akaanza kuhesabu naye, kwa sauti ndogo. Sita, saba. Alipofika kumi hakujua kinachofuata, akarudi moja. Mama muuguzi akaendelea peke yake hadi ishirini na mbili. Mwanga wa tochi ulikuwa unatikisika, nikasema betri inakwisha.

"Aliungua saa ngapi?"

"Saa tisa, bombi lilipolia," mama yake akajibu.

Kilo 15, mara asilimia 22, mara mililita 4: mililita 1,320 za ringa, maji ya kutiwa mshipani. Nusu yake iingie katika saa nane za kwanza, na saa hizo huhesabiwa tangu kuungua, si tangu kufika. Tano zilikuwa zimekwisha njiani.

Mengine yalikwenda haraka, sindano ya pepopunda, ketamini ya kumlaza, bandeji. Nilibaki na fishi, na mama yake kwenye benchi.

"Ni mimi nilimwaga," alisema. "Bombi lililia mbali, hata halikutugusa. Niliruka, kitenge kikashika sufuria. Ni maharagi tu, papa. Utaandika nini?"

Aliuliza kwa sababu alikwisha kuambiwa mlangoni: majeruhi wa vita hutibiwa bure, ajali za nyumbani hulipiwa.

T21 ya kifua na tumbo, T24 ya paja, T31.2 ya ukubwa wa jeraha. Hizo hazikunisumbua. Lakini CIM hutaka pia chanzo. X10 ni kugusa vinywaji, vyakula na mafuta ya moto. Y36 ni matendo ya vita, na Y36.3 ni yale ya moto na vitu vya moto. Mstari huo niliusoma mara tatu. Maharagi yanayochemka ni kitu cha moto au si kitu cha moto? Nikaandika Y36.3, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Baada ya wiki kadhaa msimamizi alipita na kalamu nyekundu. "Maharagi si silaha," akasema, akaandika X10. Kwa kitabu, nadhani alikuwa na haki. Wakati huo mtoto alikwisha kupandikizwa ngozi, na mama yake alikuwa ameondoka naye usiku mmoja bila kupita kwenye kasha, pale pa kulipia. Kuna waliosema karani alijua lango gani lilikuwa wazi. Hilo sitaliongea hapa.

Mwezi ule niliandika X nyingi. Mshumaa ulioangukia hema, uji uliomwagikia mtoto mahali ambapo familia tatu zilipika kwenye chumba kimoja, petroli iliyofichwa chini ya kitanda. Ukisoma safu hiyo peke yake utadhani wanawake wa Goma walisahau kupika, wote kwa pamoja.

Sasa kuna CIM-11, imeanza kutumika mwaka 2022, na inaruhusu kuunganisha namba kadhaa kwa mgonjwa mmoja. Nimeipekua usiku, bila kuagizwa na mtu, nikitafuta namna ya kuweka bombi na sufuria kwenye mstari mmoja. Mwenye kalamu nyekundu sijui angesemaje.

Binti yangu alitaka kujua tu kama yule mtoto alipona. Alipona. Kovu lilimbakia kifuani na pajani. Mkono, ule wa kupimia, haukuwa na alama yoyote.