Fundi Yuko Shule

Januari kwangu ni mwezi wa marinda. Tangu Mwaka Mpya upite mpaka shule zifunguliwe, fremu yangu ya ushonaji pale jirani na soko la Majengo haifungwi kabla ya saa tatu usiku. Wazazi wa Dodoma mna tabia moja ambayo nimechoka kuisemea: mnajua tangu Desemba kwamba mtoto anaingia kidato cha kwanza, kitambaa mnakinunua Jumamosi jioni, na Jumatatu asubuhi mnataka awe mstarini amenyooka. "Fundi, nifanyie chapchap." Jamani, sketi ya marinda haina chapchap. Kiuno cha inchi 24 kinakula kitambaa cha inchi 72. Kila rinda inchi moja inaonekana na mbili zinajificha chini. Ulipime, ulibane kwa pini, ulipige pasi, ndipo ushone. Ukikosea rinda la tatu, la ishirini na nne litakuumbua.

Mwaka huu nimekuwa mkali kuliko kawaida. Jumatatu hiyohiyo na mimi nilikuwa nafungua shule.

Nasoma QT, kwa simu. Kwa ambaye haijui, ndiyo njia yetu sisi tulioishia darasa la saba. Unasoma masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, Novemba unafanya Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani (NECTA), ndio hiyo QT yenyewe, ukifaulu unaendelea na ya kidato cha tatu na cha nne, kisha unafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka jana wote nilisoma kwenye kioo hiki kidogo chenye ufa pembeni. Mtihani tu ndio niliufanya kwenye dawati, msimamizi akinipita mgongoni. Sasa naanza nusu ya pili, na matokeo ya nusu ya kwanza bado. Kwa kawaida hutoka mwishoni mwa Januari, pamoja na ya kidato cha nne. Yaani nimeanza mwaka ambao sijaambiwa kama nimeruhusiwa kuuanza. Mkuu wa kituo chetu cha mtandaoni alituandikia ujumbe mfupi: "Anzeni. Atakayekwama tutamrudisha taratibu." Hiyo ndiyo hotuba ya ufunguzi tuliyopata.

Vituo vya ana kwa ana vipo, hata Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vyake, na ningekuwa na mchana wangu ningekwenda huko. Mchana wangu una wenyewe.

Darasa la saba nilimaliza mwaka 2005, kijijini kwetu upande wa Bahi. Jina langu lilibandikwa kwenye ubao wa waliofaulu, nililiona kwa macho yangu. Lakini mvua ilikuwa imegoma, mtama ulikauka ukiwa mdogo, na ada ya shule ya kutwa wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Leo hiyo ni pesa ya kushona sketi mbili tatu. Januari 2006 wenzangu wachache walikwenda sekondari, mimi nikaja mjini kulea mtoto wa watu. Sitaki kulikuza jambo hili, walikuwepo wengi kama mimi mwaka ule. Nalitaja ili mjue kwamba nilipobonyeza linki Jumatatu usiku, mkono ulikuwa unatetemeka kidogo.

Basi, saa mbili kamili. Nimezima cherehani, nimesukuma mapande ya tetroni pembeni ya meza, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo. Nyuso hakuna, maana kila mtu amezima kamera kuokoa bando. Ni giza lenye majina.

Tukakwama kwenye salamu. Shuleni mwanafunzi husimama akamwamkia mwalimu, hilo halina mjadala. Sasa huyu mwalimu wetu mpya wa Hesabu, kwa sauti tu, ningeweza kuwa nimembeba mgongoni. Na darasani kuna mzee mmoja wa Kibaigwa ana wajukuu. Nani amwamkie nani? Palipita kimya kama cha nusu dakika, kila mtu akijifanya mtandao wake unasumbua. Mwisho mwalimu akasema: "Wakubwa zangu wote, shikamooni. Walio wadogo zangu watajijua." Tukaitikia marahaba, sauti zikigongana kama vyombo vinavyooshwa. Yupo dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat. Marahaba yake ilifika wakati mwalimu ameshaanza kuandika kichwa cha somo. Kwake ilikuwa saa tatu, kwetu saa mbili. Baadaye kwenye kundi alituambia anasomea chooni, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye komeo upande wake.

Kisha mahudhurio. Wengi hawajui kubadilisha jina, kwa hiyo simu imejiandikisha yenyewe. "Mama Mapacha yupo?" Yupo. "Mungu Ni Mwema?" Yupo, yuko Manyoni. "TECNO SPARK?" Kimya. "TECNO SPARK, upo?" Tukajibu watu watatu kwa pamoja. Mmojawapo nilikuwa mimi. Mwalimu akatuita TECNO wa kwanza, wa pili na wa tatu, na mpaka ninapoandika hapa mimi bado ni TECNO wa Pili. Nimeshajua namna ya kubadilisha, ila nimelizoea.

Swali la kwanza la mwaka aliliandika kwa Kiingereza, kama sekondari inavyotaka: "Express 24:72 in its simplest form." Mimi shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, na Kiingereza changu cha mwaka mmoja kimejaa viraka. Express ninayoijua ni basi. Form ninayoijua ni kidato. Kwa hiyo nikaona mbele yangu basi lenye namba 24 likigombana na lenye namba 72 kwenye kidato rahisi. Nikaandika kwenye daftari alama ya kuuliza, nikasubiri. Mwalimu alipoligeuza kwa Kiswahili, "rahisisha uwiano wa 24 kwa 72", nikacheka peke yangu ndani ya fremu. Si sketi ya marinda hiyo? Kiuno moja, kitambaa tatu. Nikawasha kipaza sauti, nikasema "moja kwa tatu" kabla ya mzee wa Kibaigwa, ambaye ana haraka.

Msinivishe taji. Swali la pili lilikuwa la riba, na riba mimi naijua kwa upande wa kulipa tu.

Watu wakisikia nasoma mtandaoni huniuliza kwanza kuhusu mtandao. Unasumbua, ndiyo. Bando la wiki haliwezi kufika Jumapili. Mvua nayo inasumbua: ya hapa hukaa kimya siku tano, halafu inashuka yote kwa dakika arobaini, na juu yangu ni bati tupu. Jumatano ilinyesha katikati ya Jiografia nikawa naona mshale wa mwalimu ukizunguka kwenye ramani bila kusikia neno. Hayo yana dawa. Somo linarekodiwa, na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao yao, unafungua ukiwa na bando na utulivu.

Kilichonimaliza mwaka jana ni neno "anachati".

Mwanamke akishika simu saa mbili usiku, akiitazama, akitabasamu kidogo kwa sababu hatimaye ameelewa jambo, anaonekana anafanya nini? Wateja walikuwa wanaingia katikati ya somo: "Fundi, we endelea na simu yako, mimi nipime tu." Nikisema niko darasani, wanaangalia huku na huku wakitafuta darasa. Mama mkwe wangu, ambaye nampenda na tunakaa naye nyumba moja Chang'ombe, alimwambia mwanawe kwamba hii simu imeingia nyumbani kama mke wa pili. Mume wangu anaendesha bajaji, hunifuata saa nne nikifunga. Yeye hakusema kitu, ila na yeye alikuwa ananipigia simu katikati ya kipindi kuuliza chumvi iko wapi. Simu ikiita, darasa linakatika.

Sasa angalia binti yangu. Yuko darasa la tano. Asubuhi akishavaa ile shati nyeupe na sketi ya bluu, hakuna mtu anayemtuma dukani. Hatujawahi kukaa kikao tukakubaliana. Bibi yake mwenyewe, anayependa kutuma kuliko kula, humwangalia na kusema, "Mwache huyo, anakwenda shule." Akirudi akavua, ndoo inamsubiri. Mtoto ni yuleyule, miguu ni ileile. Miaka kumi na miwili nashona sare nikidhani nashona nguo.

Binti alipoona nawaza hilo kwa sauti akanishauri nijishonee na mimi, akanichagulia mpaka rangi. Hapana. Mwanamke wa miaka thelathini na nne atembee Majengo na sketi ya marinda? Hiyo ni kutafuta kuimbwa. Ila vibaki vya kitambaa vilikuwepo, vile vya rangi ya damu ya mzee ambavyo hubaki kwenye sketi za sekondari, vipande visivyotosha hata mfuko wa shati. Jumapili nikaviunganisha usiku, nikapiga ovaloki pembeni, nikapitisha kamba. Nikapata pazia la mlango. Likiwa juu, karibu. Likishuka, fundi yuko shule. Niliwaambia majirani wa kibaraza kimoja: muuza karanga, kinyozi, na mama wa mlenda ambaye msimu huu ana majani mabichi mpaka anayagawa. Kinyozi alicheka siku mbili. Siku ya tatu nilimsikia akimfukuza mteja wangu: "Huoni pazia?"

Mama mkwe ndiye aliyenishangaza. Jumanne nilisomea nyumbani, mtoto wa mwisho alikuwa na homa, nikaweka simu juu ya kigoda sebuleni bila kuvaa zile waya za masikioni. Bibi akawa anasikiliza Baiolojia. Ilikuwa ya magonjwa ya kuambukiza, na mwalimu wa somo hilo huchanganya Kiswahili sana, Mungu ambariki. Bibi alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akasema: "Kumbe ni kama ile ya redio."

Ikabidi aeleze. Mwaka 1973, yeye akiwa msichana mdogo, kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Nyerere alikuwa ameshautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kijijini kwao watu walikuwa wamezoea kukusanyika. Redio inawekwa juu ya kiti chini ya mti, watu wazima wanaizunguka, kipindi kikiisha kiongozi wa kikundi anafungua kijitabu, wanajadiliana. Baada ya kipindi cha choo baba yake alichimba choo, cha kwanza katika boma lile. "Mwalimu hatukumwona," alisema. "Na kile kiti cha redio hakuna aliyekikalia, hata siku isiyo ya kipindi."

Kigoda cha sebuleni kwetu tangu siku hiyo mtoto akikikalia anafukuzwa. Na simu ikiita katikati ya somo, bibi humpigia mwanawe kwa simu yake ndogo ya tochi na kumwambia chumvi iko nyuma ya kopo la majani ya chai. Nadhani amefurahia kupata cheo.

Juzi Alhamisi, kama saa mbili na robo, pazia likiwa chini na sisi tukiwa kwenye Historia, nilisikia viatu vikisimama nje. Sauti ya mama mmoja: "Fundi yupo?" Muuza karanga akajibu, "Yuko shule." "Shule gani usiku huu?" "Humo ndani." Nikasikia benchi likilia, amekaa. Nilijaribu kumfuata mwalimu lakini sikio moja lilibaki nje. Alinunua karanga. Akapiga simu nyumbani akasema atachelewa. Saa nne nilipopandisha pazia alikuwa bado yupo, na kitambaa chake mapajani, mita mbili kasoro kidogo, za mwanawe aliyepangiwa shule ya bweni ya mbali na anayetakiwa kuripoti Jumatatu ijayo. Nilimpima mtoto kwa vipimo alivyoandika nyuma ya risiti ya duka. Neno chapchap hakulitamka. Alipoondoka alirudi hatua mbili akaniuliza kama Historia ya siku hizi bado ina Kinjekitile. Nikamwambia ipo, yeye na maji yake.

Tovuti ya NECTA naifungua kila asubuhi kabla ya kutia mkaa kwenye pasi. Leo pia bado. Kesho tuna Baiolojia, saa mbili usiku. Zimebaki sketi nne, na bando mega 600.