Kumbukumbu ya mradi: printa iliyoshusha Wi-Fi ya ofisi nzima

Jumamosi, 27 Septemba

Ofisi ni ya mjomba wangu, katikati ya Lubumbashi: vyumba vitatu na ua tunaotumia pamoja na wapangaji wengine. Ofisi hii inashughulikia hati za forodha za malori yanayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wako watu saba. Mimi si mfanyakazi wa pale, ila mambo ya mitandao nayapenda, na Jumamosi ofisi ikifungwa saa sita napata nafasi ya kufunguafungua vitu bila kumkatiza mtu kazi.

Malalamiko yalitoka kwa mama anayeshika mahesabu. «Mwanangu, hii Wi-Fi haitembei tena. Mega zinaisha mbio, na faili moja ya kutuma chumba cha pili inakawia mpaka nachoka.» Nilimjibu, «Ndiyo, Mama, nitaangalia,» huku moyoni nikiwa nimeshaamua kwamba tatizo ni laini ya intaneti. Haikuwa laini.

Kilichonishtua kilikuwa kwenye kompyuta yake. Kasi kati ya kompyuta na kisanduku cha Wi-Fi ilikuwa megabiti 54 kwa sekunde na haikupanda, hata nilipoiweka kando kabisa ya antena. Kompyuta yenyewe ni ya juzijuzi. Namba hiyo naijua: ni kikomo cha Wi-Fi iliyotoka mwaka 2003.

Kisanduku chenyewe ni ukuta-moto mdogo wa ofisi, wenye Wi-Fi ndani yake, ulionunuliwa umeshatumika. Kinasimama kati ya intaneti na kompyuta zote, kikiamua kipi kipite na kipi kizuiwe. Niliingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio, nikaandika nilichokikuta. Usimbaji, yaani njia ya kuficha ujumbe ili mtu mwingine asiusome: WPA, aina ya TKIP. WPS, njia ya mkato ya kujiunga kwa namba ya siri: imewashwa. Vifaa vilivyounganishwa: 31. Nilihesabu simu na kompyuta za ofisi, zote pamoja hazifiki 16. Na kode ya kuingilia ilikuwa namba ya simu ya mjomba, ileile iliyopakwa rangi kwenye kibao cha mlangoni.

Mega za mama zilikuwa zinakwenda kwa vifaa zaidi ya 15 ambavyo hakuvijua.

Jumanne, 30 Septemba

Leo sikugusa kitu, nilisoma tu na kukumbuka.

WEP, usimbaji wa kwanza wa Wi-Fi, ulikuja na kanuni za mwaka 1997. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir wakaonyesha udhaifu katika namna unavyotumia funguo zake, na tangu hapo hauna ulinzi wa kutegemewa. Lakini vifaa vilikuwa vimeshauzwa duniani kote, haviwezi kutupwa kwa siku moja. Ndipo TKIP ikaletwa mwaka 2003, ndani ya WPA: kiraka cha kushonea vazi lililochanika, ili mashine zilezile ziendelee kufanya kazi. Vazi jipya lilifika mwaka 2004, WPA2 yenye AES, usimbaji imara zaidi. Mwaka 2008 Martin Beck na Erik Tews wakaonyesha kwamba kiraka nacho kina tundu.

Na ile 54? Kanuni za Wi-Fi ziitwazo 802.11n, za mwaka 2009, zinakataza kasi mpya kutumika pamoja na WEP au TKIP. Ukichagua TKIP, kifaa kinarudi kwenye kasi za zamani bila kukuambia lolote. Kwa hiyo ulinzi mbovu na mwendo wa kobe vilikuwa ugonjwa mmoja. Nimefurahi sana kuligundua hili, maana mjomba hasumbuliwi na habari za usimbaji, lakini kasi anaielewa.

Swali lililobaki: nani aliweka TKIP, na kwa nini? Jibu nililipata kwenye kona ya chumba cha tatu. Printa. Ni ya zamani kuliko ofisi yenyewe, inachapa vizuri, na AES haiijui kabisa. Fundi aliyetangulia aliwashusha watu wote hadi pale printa inapofika. Simlaumu sana. Mwenye ofisi anataka karatasi itoke leo, lori liko mpakani.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kwanza nakala ya mipangilio yote kwenye flashi. Kisha kusasisha programu ya ndani ya kisanduku, kwa sababu ile ya zamani haikuwa hata na WPA3, iliyofuata WPA2, kwenye menyu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, delestaji ya kawaida ya mtaa wetu, na betri ya ofisi ilikuwa imebaki nusu. Nikangoja. Kisanduku kikizimika katikati ya kusasishwa kinaweza kisiwake tena, na mimi sina kingine. Umeme ulirudi saa tisa na robo. Nikaacha betri ijae kwanza, ndipo nikaanza.

Hatua hii nisingeiruka hata kama menyu ingekuwa kamili. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alitangaza KRACK, kasoro iliyohusu WPA2 yenyewe. Mwaka 2019 yeye na Eyal Ronen wakatoa kasoro za WPA3. Dawa ya zote mbili ilikuja ndani ya masasisho. Usimbaji mzuri kwenye programu isiyosasishwa ni mlango wa chuma wenye bawaba za mbao.

Kisha nikafanya kosa. Nilibadilisha usimbaji nikiwa nimeunganishwa kwa Wi-Fi hiyohiyo, nikabonyeza kuhifadhi, na ukurasa ukapotea. Nililazimika kutafuta waya, nikaingia kwa njia ya mlango wa kebo. Sasa waya ule unakaa kwenye begi langu siku zote.

Kuhusu printa, kisanduku kina chaguo la kuchanganya TKIP na AES. Lilinivutia kwa dakika kadhaa. Lakini katika mchanganyiko huo, ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote kwa pamoja husimbwa kwa njia ambayo hata kifaa dhaifu kuliko vyote kinaielewa, yaani TKIP. Printa ingeendelea kushika usukani. Nyuma yake ina tundu la kebo ambalo hakuna aliyewahi kulitumia, limejaa vumbi. Mita 15 za waya, vichwa viwili vya kubana, na printa imetoka hewani moja kwa moja. Ilichapa ukurasa wa majaribio mara ya kwanza.

Nikaweka AES peke yake. Nikazima WPS: namba yake ya siri ina tarakimu nane, lakini tangu Desemba 2011 inajulikana kwamba kisanduku huikagua kwa nusu mbili, na hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuimaliza. Kompyuta ya mama ikaonyesha 144. Intaneti yenyewe haikuongezeka hata chembe, hilo nilimweleza, lakini faili kwenda chumba cha pili ilifika kabla hajamaliza kuuliza kama nimeshatuma.

WPA3 peke yake ilishindikana. Simu ya mjomba haikuuona mtandao kabisa, na ya dereva wake vilevile. Nikarudi kwenye WPA2 na WPA3 kwa pamoja, na ule ulinzi wa ujumbe wa uendeshaji, unaozuia mtu wa nje kutuma amri za uongo za kuzitoa simu kwenye mtandao, nikauweka uwe wa hiari. Kompyuta mpya zinatumia WPA3, simu za zamani WPA2. Tofauti na TKIP, sioni aibu kuliacha hivi kwa muda, AES iko pande zote mbili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kode. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, na ningeutumia tena.

Kwenye WPA2, mtu aliyekaa barabarani anaweza kunasa salamu ambayo simu na kisanduku hupeana simu inapojiunga. Kode haimo ndani yake waziwazi. Lakini akiondoka nayo, anaweza kukisia nyumbani kwake usiku kucha, na kisanduku hakitajua. WPA2 inajitahidi kumchelewesha: kila kisio linapitishwa kwenye hesabu mara 4,096, likichanganywa na jina la mtandao. Kwa sababu hiyo nimebadilisha na jina pia, lile la kiwandani wengi wanalo, na visio vyake vinaweza kuandaliwa mapema.

Sasa tuchukue namba ya simu. Hapa Kongo zina tarakimu 10 na za mkononi zinaanza na 08 au 09. Zinabaki tarakimu nane, yaani namba milioni 200 tu. Mashine inayojaribu milioni moja kwa sekunde inazimaliza kwa sekunde 200. Nilimwonyesha mjomba hesabu hiyo kwenye karatasi. Alikaa kimya, halafu akasema, «Basi tafuta nyingine, mwana. Lakini isiwe ya kunisumbua kuandika.»

Ombi lake ni la haki. Kode yenye alama za ajabu huishia kubandikwa ukutani. Nikaandika orodha ya maneno 1,296 ya Kiswahili, mafupi, yasiyofanana: jembe, ziwa, kikapu, shaba na mengine. Kwa nini 1,296? Kwa sababu dadu ikirushwa mara nne inatoa matokeo 1,296, kila neno na lake. Nikarusha kwa maneno matano. Hatukuchagua wenyewe hata moja, maana mtu akichagua huangukia jina la mtoto au la timu. Maneno matano hivyo yanatoa michanganyiko zaidi ya trilioni 3,600. Mashine ileile ingehitaji zaidi ya miaka 100. Na mama wa mahesabu aliikariri kabla sijamaliza kuiandika.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wageni. Wateja na madereva wanaongoja hati wanahitaji Wi-Fi, na kuwanyima si ustaarabu. Wamepata mtandao wao, wenye jina lake na kode yake, inayobadilishwa kila mwezi na kuandikwa mapokezini.

Kutenganisha jina peke yake hakutoshi, ni lazima ukuta-moto uambiwe. Niliandika kanuni mbili: wageni waruhusiwe kwenda popote, kisha wageni wakatazwe kuingia upande wa ofisi. Nikachukua simu yangu, nikajiunga kama mgeni, nikafungua anwani ya printa. Ikafunguka! Ukuta-moto husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye ya kwanza inayofaa. «Popote» ilikuwa imeshajibu. Nikapandisha katazo juu. Nikaongeza katazo la wageni kufungua ukurasa wa mipangilio, na la wao kwa wao kuonana. Nikajaribu tena kila kimoja kwa simu, si kwa kusoma skrini.

Mama aliniuliza kama sasa anaweza kuingia benki bila hofu. Nikamwambia usimbaji huu unalinda safari ya kutoka kwenye kompyuta yake hadi kwenye kisanduku, unaishia hapo. Kuanzia hapo anategemea ule wa tovuti yenyewe, kwa hiyo aendelee kuangalia alama ya kufuli na jina la benki lilivyoandikwa.

Jumanne, 21 Oktoba

Vifaa vilivyounganishwa upande wa ofisi: 14. Nimevitaja kimoja kimoja kwa jina kwenye daftari. Kijana mmoja anaacha kazi mwisho wa mwezi, hivyo dadu zitarushwa tena. Hilo ndilo linalonifanya nifikirie kumpa kila mtu jina na kode yake mwenyewe, ila kunahitaji kompyuta ya kusimamia akaunti, na betri ya pale haiwezi kubeba mzigo mwingine sasa.

Waya wa printa bado umelala sakafuni, umebandikwa kwa utepe kando ya ukuta. Mawingu yameanza kujikusanya mchana. Jumamosi naupandisha darini, baada ya kuziba lile bati linalovuja.