Kabla sijasaini ajira ya kudumu

Mwezi uliopita meneja wa ghala ninakofanya kazi aliniita ofisini, akanikabidhi karatasi nne zilizobanwa pini. "Dada, kampuni imeamua kukuajiri moja kwa moja. Soma, saini, nirudishie Ijumaa." Nilishukuru kwa moyo wote, maana nawajua wenzangu wanaoiomba nafasi hiyo kila siku. Kisha nikamwomba aniongezee wiki moja. Alinitazama kidogo, akakubali.

Naandika kuhusu wiki hiyo kwa sababu hapa Tanga siku hizi tuko wengi kwenye hali hii. Bandari imepanuliwa, bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapo Chongoleani na ujenzi wake umeleta kazi nyingi za muda, maghala yanachukua watu wa siku. Mtu anaingia kama kibarua, anakaa, siku moja anaitwa kupewa mkataba, na anausaini akiwa amesimama mlangoni kwa hofu kwamba akiuliza swali wataghairi.

Mimi ni karani wa ghala la katani. Malori yanatoka mashamba ya Korogwe na Muheza, kila robota, yaani mzigo wa nyuzi uliobanwa na kufungwa kamba, kilo 250, manne yanafanya tani. Naangalia kama namba, daraja na alama ya shamba iliyopigwa kwenye robota vinalingana na hati ya dereva, halafu mizani, daftari, kompyuta. Mvua ikinyesha njiani natia mkono katikati ya nyuzi, karibu na kamba, kwa sababu unyevu hujificha pale wakati juu pakavu kabisa. Robota lenye unyevu nalitenga, la sivyo nyuzi zitabadilika rangi na mnunuzi atakataa bei ya daraja lililoandikwa. Ni kazi ninayoipenda. Niliingia kuziba nafasi ya karani aliyekwenda likizo ya uzazi. Hakurudi, nami nikabaki zaidi ya mwaka, nikilipwa shilingi 17,000 kwa siku niliyofika.

Nilianza na hesabu, kama kila mtu. Mkataba ulisema mshahara wa shilingi 450,000 kwa mwezi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10 yangu, yaani 45,000, inabaki 405,000. Kodi ya mshahara hapo ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000, ambayo ni 10,800. Mkononi naondoka na 394,200. Kibarua akifika siku 26 anapata 442,000 bila makato. Kaka yangu, anayeendesha bajaji, alipoona hesabu hiyo akasema, "Sasa wewe unapandishwa au unashushwa?"

Nilimjibu kwamba ameangalia mwezi uliojaa tu. Wakati wa masika, malori yakikwama mashambani, mimi huambiwa saa mbili asubuhi nirudi nyumbani, na nauli nimeshalipa. Miezi ya siku 26 haikuwa mingi. Na kile kinachokatwa hakipotei: mwajiri naye anaweka 45,000 nyingine, hivyo kila mwezi inaingia 90,000 kwa jina langu. Pensheni inahitaji michango ya miezi 180. Nina miaka 36. Nikianza sasa na nisipokatisha, nitaifikisha nikiwa na 51. Nikisubiri nifike 45 ndipo nianze, itabidi nichangie hadi 60 mfululizo bila kukosa hata mwezi mmoja. Hilo lilinitisha kuliko makato.

Lakini hesabu haikunipa jibu. Aliyenipa jibu ni mama.

Mama ana presha. Masika ya mwaka jana alilazwa hospitali ya Bombo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeko Tanga, zamu ilikuwa yangu. Asubuhi napeleka uji, namsubiri daktari apite wodini, natumwa kununua dawa, jioni narudi tena. Kila siku niliyokaa naye ilikuwa siku isiyo na malipo, na jioni nilimpigia simu mzee wa mizani kumuuliza kama wameshaweka mtu mwingine. Nilikuwa nimemshika mama mkono huku roho yangu iko ghalani. Alikuwa akiniambia, "Nenda mwanangu, nenda, watakufukuza," na hakuwa na sababu ya kusema hivyo isipokuwa alijua kweli wanaweza.

Kwa hiyo nilipokaa na zile karatasi nne, mshahara niliuweka pembeni. Nilisoma nikitafuta kitu kimoja: nikikosa kufika, nini kitatokea? Kwangu mimi tofauti ya kibarua na mwajiriwa iko hapo. Ukiwa mzima na kazi ipo, wote wawili mnafanana, mnabeba vumbi lile lile la katani kwenye nywele. Mnatofautiana siku ambayo mmoja wenu hayupo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ipo kwa Kiswahili rahisi mtandaoni, na nawasihi muisome. Likizo ya mwaka ni siku 28 kwa malipo. Ukiugua mwenyewe una siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi ulete cheti cha daktari. Likizo ya uzazi siku 84, na 100 kama ni watoto mapacha. Kuna siku 4 za malipo kwa mtoto kuugua, au kwa kufiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Nilitafuta humo siku za kumuuguza mzazi, sikuziona. Mzazi akifa unapewa siku. Akiwa hai kitandani, hapana. Hilo linaniuma na nadhani halijakaa sawa. Siku za mama itabidi zitoke kwenye zile 28, au kwa ruhusa ya meneja.

Karatasi zenyewe zilikuwa na mambo matatu yaliyonisimamisha.

La kwanza, muda wa majaribio wa miezi sita. Mtu aliyeko kwenye majaribio anaweza kuachishwa kwa urahisi sana, na sheria inayokataza kuachishwa kazi isivyo haki haimlindi mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Nimepima marobota yao misimu miwili ya mvua. Wananijaribu nini tena?

La pili ndilo hilo hilo kwa sura nyingine: tarehe ya kuanza kazi iliandikwa ya mwezi ujao, kana kwamba ule mwaka haukuwepo. Tarehe ina uzito. Kampuni ikipunguza watu, kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Likizo nayo inahesabiwa kutoka hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi kazi yangu ni daftari.

La tatu lilikuwa sentensi moja ukurasa wa tatu, katikati ya mambo ya sare na vitambulisho: mwajiriwa hatafanya shughuli nyingine yoyote ya kujipatia kipato.

Hapo niliweka karatasi chini. Mimi ni fundi cherehani tangu kabla ya ghala. Barazani kwa shangazi, Ngamiani, nina cherehani mbili na binti ninayemfundisha. Kabla ya Idd tunashona madera mpaka usiku. Na kuanzia katikati ya Desemba hadi shule zinapofunguliwa Januari tunashona sare: sketi za bluu, mashati meupe, kaptula za watoto wa darasa la kwanza ambazo mama zao wanataka ziwe na pindo refu ili zidumu miaka miwili. Msimu huo unaniletea fedha nyingi kuliko mshahara wa mwezi wa ghalani, na ndio unaolipa ada za mwanangu. Shangazi alinisikiliza, akaniambia neno moja tu: "Cherehani usiiache. Mengine yote zungumza nao."

Nilikwenda kuzungumza. Niliandika hoja zangu kwenye karatasi ili nisitetemeke nikasahau. Meneja ni mtu mzima, nilimwamkia, nikamwambia nataka kazi hii na nitaifanya kwa miaka, lakini naomba turekebishe. Sikumtajia CMA, tume inayosuluhisha migogoro ya kazi, wala afisa kazi. Nilimfungulia daftari la mwaka mzima, mwandiko wangu kila ukurasa, nikamuuliza kama anaona sababu ya kunijaribu upya. Alipekua kurasa kadhaa bila kusema. Akasema majaribio atayafuta. Sentensi ya kipato alikubali isomeke kuwa sitafanya biashara inayogongana na ya kampuni, yaani sitanunua wala kuuza katani. Tukaiandika kwa kalamu pembeni, akatia sahihi yeye, nikatia yangu.

Tarehe alikataa. Alisema makao makuu hawawezi kubadili mfumo wa mishahara kurudi nyuma. Tulivutana. Mwisho alinipa barua yenye mhuri inayosema nimefanya kazi katika ghala hilo mfululizo tangu siku niliyoanza, na kwamba muda huo utahesabiwa kwenye likizo na kiinua mgongo. Ningependa iwe ndani ya mkataba wenyewe, na ukiniuliza nitasema hilo ndilo pungufu lililobaki. Barua nimeitoa kopi tatu, moja iko kwa mama kabatini pamoja na hati ya kiwanja.

Wako watakaosema nilipaswa kukataa, nikae na cherehani zangu niwe huru. Wengine nawaelewa. Lakini fundi cherehani naye akiugua hakuna anayemlipa, na msimu wa sare ni mmoja kwa mwaka. Nimechagua vyote viwili kwa kuwa kila kimoja kinabeba upungufu wa mwenzake, na najua jioni zangu zitakuwa ndefu. Binti sasa anakata mwenyewe mashati. Sketi za marinda bado namsimamia.

Nilisaini Jumatatu. Jumanne niliandika barua ya kuomba likizo: siku 14 kuanzia katikati ya Desemba kwa ajili ya sare, na nyingine 14 nimeomba ziachwe wazi kwa kliniki za mama. Mwajiri ndiye anayepanga lini niende, sheria inampa haki hiyo, na Desemba ghala huwa na kontena nyingi. Bado hajanijibu.