Kompyuta tatu, na kila moja inaficha mipangilio kwa namna yake

Asubuhi hiyo wateja watatu walikuwa kwenye kaunta ya duka la steshenari, flashi mkononi, na kompyuta ya Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux, imegoma kuwaka. Ilingoja sekunde 90, kisha ikanibwaga kwenye skrini nyeusi ya dharura. "Kaka, bado tu?" Bado.

Mkosaji nilikuwa mimi. Wiki moja kabla nilikuwa nimeandika diski ya nje kwenye /etc/fstab, faili linaloiambia Linux ifungue diski zipi inapowaka. Usiku, kijana tunayefanya naye kazi akaichomoa, akaenda kunakili picha za harusi. Linux ikaitafuta, ikaikosa, ikasusa. Nililifungua faili kwa nano, kihariri cha maandishi, nikaweka # mwanzoni mwa mstari ule mmoja ili Linux iuruke, nikawasha upya. Dakika tano hazikufika. Baadaye niliurudisha mstari nikiwa nimeuongezea neno nofail: diski isipokuwepo, mashine iendelee na safari.

Wengi huiogopa Linux kwa sababu ya mafaili hayo ya maandishi yaliyojaa ndani ya folda ya /etc. Na kweli hayafanani, kila moja na uandishi wake. Ila siku ile nililiona kosa langu kwa macho, likiwa limekaa kwenye mstari wake.

Kwenye Windows sikubahatika hivyo. Tangu enzi za Windows 95, mipangilio mingi ya mfumo na ya programu hukaa kwenye rejistri, ghala moja lenye matawi ambalo hulisomi kama maandishi ya kawaida; unalifikia kwa programu ya regedit. Sasa regedit haina kitufe cha kuhifadhi wala cha kutengua. Ukifuta, imekwenda. Nilitaka kuondoa printa moja iliyokufa zamani lakini jina lake likang'ang'ania kwenye orodha. Kumbe nilikuwa nimebofya tawi lililobeba printa zote! Nilipoanzisha upya huduma ya kuchapa, orodha ilikuwa tupu. Mchana wote ukaishia kuzisimika moja baada ya nyingine, na duka la steshenari lisilochapa ni kibanda cha kuuza peni.

Siku hizi siligusi tawi kabla sijalitoa nakala ya faili la .reg. Nikikoroga, nalibofya mara mbili na thamani za zamani zinarudi. Angalia tu: linarudisha yaliyokuwemo, haliondoi ulichoongeza wewe.

Mac ya mchora mabango haikuharibika, ilinidharau tu. Mipangilio yake iko kwenye mafaili ya plist, mengi ndani ya Library/Preferences. Nikasema haya ni mafaili, nayajua. Nikahariri la Dock, ule ukanda wa ikoni za programu, kwa mkono, nikahifadhi, na hakuna kilichobadilika. Nilipolifungua tena, mabadiliko yangu yamefutika. Kuna programu ya chinichini, cfprefsd, inayoshika thamani hizo kwenye kumbukumbu na kuandika zake juu ya zako. Njia yake ni kubadilisha kwa amri ya defaults, kisha killall Dock ili Dock ianze upya.

Kwa hiyo sasa /etc inalindwa na etckeeper, inayotunza mabadiliko yake kwenye git, programu ya kuweka historia ya mafaili. Mafaili ya .reg yana folda yenye tarehe. Amri za Mac nimeziandika kwenye daftari la mistari, kwa kalamu. Na ile diski ya nje ina plasta nyeupe iliyoandikwa USICHOMOE, kwa mwandiko wa aliyeichomoa.