Sabufa, Kochi na Shimo la Hezi 35

Hapa Dodoma ukiulizia sabufa dukani, muuzaji atakutolea seti nzima: boksi kubwa lenye redio na rimoti, pamoja na spika zake ndogo za pembeni. Ninayoizungumzia mimi ni boksi moja tu lenye spika ya inchi 10 na amplifaya yake ndani, ambalo kazi yake ni kuzisaidia spika mbili za kawaida pale zinapoishiwa nguvu ya kushuka kwenye noti nzito za besi. Nilikaa nayo miezi mitatu nikiamini kwamba nimeuziwa kifaa kibovu, kumbe tatizo lilikuwa mahali nilipoweka kochi.

Sebule yangu, huku Ilazo, ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, kuta za tofali za saruji zilizopigwa lipu na sakafu ya vigae. Kuta za namna hii hazinyonyi besi kwa kiasi kinachoonekana; karibu yote huirudisha chumbani, na mawimbi yanayokwenda na kurudi kati ya kuta mbili zinazotazamana hujengana mahali fulani na kufutana mahali pengine. Masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) ambayo jambo hili huanzia hupatikana kwa kugawanya kasi ya sauti kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili. Rafiki yangu mmoja hushikilia kwamba hesabu za vitabuni hazifai kwetu kwa sababu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini kasi ya sauti hewani hufuata joto, si mwinuko, na kwenye nyuzi 25 ni kama mita 346 kwa sekunde, iwe Dodoma au Tanga. Kwa hiyo urefu wa sebule yangu unanipa karibu hezi 35, na upana unanipa hezi 43.

Kochi langu lilikuwa katikati kabisa ya chumba. Hapo ndipo mawimbi yote mawili hufutika, na hapo hapo ndipo wimbi la pili la urefu, la hezi 69, huvimba kupita kiasi. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi hulia kwenye hezi 41, yaani ndani ya shimo hilo la besi iliyofutika. Noti chache za juu yake zikawa zinagonga kama mtu anayepiga pipa. Ukisikiliza dansi la zamani kwa hali hiyo, unasikia noti moja ikikujia tena na tena, na mpiga besi unamwona kama mvivu bila kosa lake.

Nilifanya kosa ambalo nadhani wengi wenye ikwalaiza mpya (kifaa cha kupandisha au kushusha masafa fulani ya sauti) hulifanya: nikataka kulijaza shimo. Nilipandisha hezi 35 kwa desibeli 10, ambazo maana yake ni kuidai amplifaya nguvu mara kumi. Kwenye kochi sikusikia tofauti yoyote ya maana, kwa kuwa kila nilichoongeza kilifutwa vilevile. Ila koni ya spika ilikuwa ikitoka na kuingia kwa kuonekana kwa macho, na baada ya nyimbo mbili nikanusa koili inayoungua. Jirani, ambaye yeye hakuwa ndani ya shimo, alibisha hodi.

Dawa ilianza kwa kusukuma kochi nyuma hadi mita 3.3 kutoka ukuta wa mbele. Kisha nikaiweka sabufa juu ya kochi, mahali pa kichwa changu, nikapiga wimbo wenye besi inayotembea, nikatambaa kando ya kuta hadi nilipopata pembe ambapo noti zote zilisikika kwa usawa, na hapo ndipo nilipoihamishia. Wanangu walicheka sana.

Krosova, yaani masafa ambayo chini yake sabufa hupokea kazi kutoka kwa spika, niliiweka hezi 80. Kipimo changu ni sauti ya mtangazaji wa kiume wa taarifa ya habari: kifua chake kikisikika kinatoka pembeni kwenye sabufa, krosova iko juu mno. Spika zangu kubwa zina tundu la hewa nyuma, na nililiziba kwa soksi za shule za mwanangu ili besi ya spika hizo ipungue polepole zaidi kadiri noti zinavyoshuka, isigombane na sabufa. Fezi, yaani kuifanya sabufa na spika zisukume hewa kwa wakati mmoja, ilinichosha, kwa sababu sikio halitofautishi vizuri sauti kubwa na kubwa zaidi. Niligeuza waya za spika zote mbili, chanya kwenye hasi, nikapiga mlio wa hezi 80, na mwanangu mkubwa akawa anazungusha kitufe cha fezi hadi mlio ulipokaribia kufa pale nilipoketi. Kisha nikarudisha waya kama zilivyokuwa. Kuusikia mlio ukififia ni rahisi zaidi.

Ikwalaiza ikabaki na kazi moja. Maikrofoni ya kupimia niliyoazima na programu ya bure ya Room EQ Wizard vilionyesha mlima uliosalia kwenye hezi 69, nami nikaukata kwa desibeli 6 kwa kichujio chembamba. Kukata hakuigharimu amplifaya chochote, na tofauti yake na kujaza ni kubwa: mlima ukikatwa, mlio wenyewe nao huacha kuning'inia, ngoma inapigwa na kunyamaza.

Kiti cha mke wangu kando ya dirisha bado kina besi nyingi kuliko changu, naye amelisema hilo zaidi ya mara moja. Sabufa ya pili kwenye ukuta wa upande wa pili ingelituliza wimbi la upana, lakini fedha yake tumenunulia tangi la maji.