Gari nalipaka kwa rola: kumbukumbu kutoka Likoni

Januari, wiki ya kwanza

Toyota 110 yangu imefanya ukurutu. Vanishi ya paa na boneti imebanduka kama ngozi iliyoungua jua, na matao ya magurudumu ya nyuma kutu imeyala. Tunakaa Likoni, Mombasa, bahari iko pua na mdomo, na upepo wa chumvi haubagui gari la mtu. Fundi wa kupuliza rangi alinitajia shilingi 55,000. Nikamuaga kwa adabu.

Basi nitapaka mwenyewe, kwa rola ndogo ya sponji na rangi ya mafuta, ile gloss ya kupaka mageti. Najua haitadumu kama rangi ya hadina, ile ya magari inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, jua litaichakaza mapema. Lakini ile ya hadina kuipuliza uani bila vifaa vya kupumulia ni kuuza mapafu, na ukijifunga kitambaa puani hujafanya kitu. Rangi ni nyeupe ile ile: logibuku yasema nyeupe, sitaki kuhangaika na makaratasi, tena nyeupe huficha makosa ya mkono.

Ami jirani yangu alikuja akasimama, mikono nyuma. "Mwanangu, gari si ukuta."

Wiki ya pili

Kutu. Brashi ya waya, kisha msasa namba 80 (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi), chuma kikang'aa. Nikanogewa, nikavua rangi fenda zote mbili na nusu ya paa kwa siku moja, magharibi ikaingia nikaacha. Asubuhi chuma chote kilikuwa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Kazi ya siku nzima, bure! Unyevu wa hapa haungoji mtu. Sasa nikivua kipande, nakipaka redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya chini ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo, hata kama ni kipande cha ukubwa wa sinia.

Wiki ya tatu

Bodi fila, lile bandiko la kujazia bodi palipobonyea, nimeitia mlango wa kushoto nyuma na kwenye tao moja. Nikaisugua kwa msasa wa maji ili vumbi lisiwakere watu wa nyumbani. (Hili nitalirudia huko chini, kwa majuto.) Kushikia msasa nimekata soli ya ndara kuukuu, hukaa sawa mkononi kuliko kipande cha ubao, na hufuata mviringo wa bodi.

Wiki ya nne: mkono wa kwanza

Rangi ya kopo ni nzito kama tui la kwanza. Nimeipunguza kwa tapentaini mpaka ikawa tui jepesi, lile la kuchemshia wali. Ikibaki nzito, rola inaacha vipele. Ikizidi wepesi, inatiririka milangoni. Mkono wa kwanza ni aibu tupu: redi oksaidi yote inaonekana chini, gari kama lina surua. Mama watoto aliuliza kama nimemaliza. Sikujibu.

Kosa langu lilikuwa saa. Nilianza alasiri kukwepa jua, nikamaliza paa saa kumi na mbili jioni. Umande ukashuka juu ya rangi mbichi, asubuhi mng'ao umekufa, paa kama limepakwa chokaa. Na kunguru wa Mombasa mnawajua. Niliegesha chini ya mwarobaini nipate kivuli, wakanitia sahihi yao mahali patatu.

Nikasugua paa lote kwa namba 600 nikaanza upya. Ratiba sasa: umande ukikauka, kama saa moja u nusu, napaka, saa nne naacha, maana bati likishapata moto rola inavuta na kuacha michirizi. Gari limehamia ukumbini kwa ami, ambaye sasa ananishikia kopo na kunionyesha nilipopitiwa.

Februari, wiki ya pili

Mikono sita imeisha. Kila baada ya miwili nilisugua kwa 600 na maji, mwisho 1500, halafu 2000, na kompaundi, dawa ya kung'arishia, kwa kitambaa cha fulana. Boneti inaonyesha matawi ya mwarobaini. Ukisogea karibu utaona rola ilipita, ila nani atasogea hivyo?

Hesabu hadi leo ni 8,250. Rangi lita nne ilikuwa 3,200, na misasa peke yake 1,500. Hiyo misasa ndiyo iliyonishangaza, karatasi moja moja huioni inavyokula.

Leo

Mlango wa kushoto nyuma umetoa lengelenge, ukubwa wa kunde. Nimelitoboa kwa ncha ya kisu, maji yakatoka. Bodi fila hunywa maji kama sponji, nami niliisugua kwa maji na kuifunika haijakauka. Chini yake kutu imeanza tena.

Nitachimba yote mpaka chumani, msasa mkavu safari hii, vumbi watanisamehe. Bampa bado sijazigusa. Ni plastiki, zataka praima yake, rangi ya chini ya kushika plastiki, na mvua za Aprili haziko mbali.