Sauti ya Yakobo, mikono ya Esau

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo letu la wiki hii, Mwanzo 27, limenikumbusha tamthilia ya Athol Fugard, The Blood Knot, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza Johannesburg mwaka 1961, wakati sheria za Afrika Kusini zilipompangia mtu makazi, kazi na hata ndoa kwa kuangalia rangi yake.

Wamo ndugu wawili wa mama mmoja wanaoishi kibandani huko Korsten, Port Elizabeth. Zachariah, aliye mweusi, hushinda amesimama kwenye geti la bustani akiwazuia watoto weusi wasiingie, na Morris, mweupe kiasi cha kuweza kudhaniwa Mzungu, hupika, humwandalia nduguye maji ya chumvi ya kuloweka miguu na kudunduliza fedha za kununulia shamba lao. Zachariah anaandikiana barua na msichana ambaye wanakuja kugundua kuwa ni Mzungu, na akiba ya shamba inaishia kwenye suti, ili Morris akakutane naye kwa niaba ya nduguye. Msichana haji. Suti, hata hivyo, imekwisha kununuliwa, na Morris anapoivaa kwa mchezo tu, anaanza kumtukana Zachariah kwa maneno ambayo ni kana kwamba yalikuwa yakimsubiri mfukoni.

Yakobo naye alivikwa nguo za nduguye Esau na ngozi za wana-mbuzi mikononi, ili baba yao Isaka amdhanie kuwa Esau na kumbariki. Zamani nilimwona Isaka kuwa mzee aliyedanganywa tu, naye kweli alikuwa haoni. Lakini tukisoma aya ya 22 taratibu tutaona kwamba aliitambua sauti ya Yakobo, akaitamka kwa kinywa chake, kisha akaiacha akaamini ngozi aliyoipapasa.

Hapa Moshi hatuna sheria ya namna ile. Hata hivyo, katika igizo letu la Krismasi nimekuwa nikisaidia kuchagua watoto, na mwaka mmoja walikuja ndugu wawili wa nyumba moja: yule mweupe, ambaye mtaani wanamwita mzungu, nikampa kanzu ya malaika, na mdogo wake, mweusi, nikamfanya askari wa Herode, bila hata kuwaambia waimbe. Mama yao alinishukuru kwa wote wawili (nami nilipokea shukrani hizo bila kuona haya). Jumamosi tunaanza tena kuchagua, na nimewaomba walimu wenzangu tukae tumeupa mlango mgongo, watoto waingie mmoja mmoja na kuimba.